Kusubiri Theluji Igande

Mwanzoni mwa Juni theluji ya Kipito cha Kokbel, njia ya kuvukia mlima, huwa na tabia mbili kwa siku moja. Alfajiri ni sakafu. Unaikanyaga, kiatu kinatoa mlio mkavu, unapita juu yake kama mtu anayepita ukumbini kwake. Kufika saa nne imeshaanza kulegea, na saa sita mchana ni uji. Mtu anazama mpaka kiunoni, na chini kabisa, pasipoonekana, maji yanapita yakiitenganisha theluji na mlima. Zuurakan alilijua jambo hilo tangu utotoni kwa maneno ya baba yake. Baadaye alilisoma chuoni Bishkek kwa maneno mengine. Mwaka huu, shahada yake ya jiografia ikiwa bado haijapata hata fremu, alirudi nyumbani akiwa na wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa ubao. Aliusimamisha kwenye daraja la mwisho, pale magari yanapogeuzia, ili kila siku aandike kwa chaki: theluji ina kina gani, ukoko wake una unene gani, njia itabeba mtu mpaka saa ngapi. Ili aandike kweli, kila alfajiri angepanda hadi mwanzo wa theluji akiwa na kipimajoto na rula. Aliamini kwamba wapanda milima wakijua, hawatakufa. Aliamini hivyo kwa moyo mweupe, na baba yake, Kalygul, aliyekuwa amewavusha watu Kokbel kwa miaka ishirini na sita, hakutaka kumvunja.

"Andika, binti yangu," alimwambia. "Ila andika herufi kubwa. Watu wa mjini wakifika hapa macho yao huwa juu, kwenye vilele."

Walikuwa wamehamia kwenye malisho ya kiangazi siku mbili tu kabla, yeye na baba yake, na hema lao la sufi nyeupe bado lilinuka stoo. Mama na wadogo zake walikuwa kijijini wakingoja shule zifungwe. Siku hiyo ya pili jioni alifika mteja wa kwanza wa msimu, Raushan, daktari wa meno kutoka Almaty, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye viatu vizuri na mwendo wa mtu aliyefanya mazoezi. Alikuwa amemkodi Kalygul tangu majira ya baridi. Mpango ulikuwa kutoka saa tisa na nusu usiku, kufika kwenye korongo la juu kabla jua halijaligusa, na kuteremka upande wa pili adhuhuri, kwenye bonde la chemchemi za moto, ambako dada yake Raushan angekuwa anangoja na gari.

Walikuwa wanakunywa chai nje Ermek alipofika juu ya farasi. Ermek alikuwa mtoto wa jirani yao, Mzee Satyndy. Alikuwa na umri wa miaka thelathini, na hakujua kusema jambo bila kutania kwanza.

"Naona jiografia imefika malishoni," alimwambia Zuurakan. "Sasa kondoo wangu hawatapotea tena. Tutawasomea ramani."

"Kondoo wako wana akili, Kaka Ermek. Anayepotea ni mchungaji."

Ermek alicheka, kisha akamgeukia Kalygul. "Mzee kasema kesho asubuhi nyote mje kwetu. Na mgeni pia."

Kalygul aliweka bakuli chini. "Kesho natoka usiku, Ermek. Mwambie nitakuja nikirudi, keshokutwa."

"Nimwambie mimi? Mwambie mwenyewe. Mimi bado nalala kwenye hema lake."

Wote walicheka, lakini Kalygul aliendelea kulitazama hema la jirani yake kwa muda mrefu. Kwenye malisho yale, waliotangulia kuhama huwapikia wanaofuata. Mpaka umekula kwa jirani yako, hujafika. Ng'ombe wako wanakula majani, lakini wewe bado u njiani. Tena kati ya nyumba hizi mbili kulikuwa na jambo jingine. Kwa miaka mitatu hawakusalimiana kwa sababu ya chemchemi, nani anyweshe mifugo juu na nani chini, na walipatanishwa vuli iliyopita tu, kwenye arusi, kila mmoja akilia begani mwa mwenzake. Hii ingekuwa karamu yao ya kwanza tangu siku hiyo.

Saa tisa na nusu usiku Kalygul na Raushan walitoka na mizigo mgongoni. Zuurakan aliwasindikiza, maana njia ya kwenda kupima theluji yake ilikuwa hiyo hiyo. Walipokaribia hema la jirani waliona moshi tayari unapanda, na Mzee Satyndy amesimama katikati ya njia, mikono ya shati imekunjwa, vidole bado vina maji.

"Nimeshachinja," alisema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema.



"Mzee," Kalygul alianza, "Ermek hakukwambia kwamba…"

"Aliniambia. Ndiyo maana nimeamka saa nane. Nilisema Kalygul ana safari, basi tumle kondoo mapema. Ingia, ingia. Daktari, karibu, inamisha kichwa hapo mlangoni."

Zuurakan alimtazama baba yake. Alijua anachohesabu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anahesabu: nyama ya kondoo mzima haichemki chini ya saa mbili na nusu. Kisha kukata, kugawa, mchuzi, dua. Lakini kondoo aliyechinjwa kwa jina lako harudi zizini. Kalygul alishusha mzigo mgongoni, akauegemeza kwenye ukuta wa hema, akaingia.

Zuurakan hakuingia. Alikimbia juu hadi mwanzo wa theluji, akapima. Saa kumi na moja kasoro. Usiku ulikuwa na mawingu mpaka karibu na mapambazuko, na mawingu ni blanketi. Yakilala juu ya mlima, theluji haipoi. Kipimajoto kilionyesha digrii moja tu chini ya sifuri. Ukoko ulikuwa na unene wa vidole viwili. Aliuchoma kwa fimbo na fimbo ikapita moja kwa moja, ikazama mpaka mkononi kwake, kana kwamba chini hakukuwa na kitu.

Aliporudi walikuwa bado wanangoja nyama. Hema lilikuwa na joto na kicheko. Bubush, mke wa Satyndy, alikuwa amemwaga maandazi madogo juu ya kitambaa mpaka kitambaa hakionekani. Mzee Satyndy alikuwa amempanulia Raushan mdomo.

"Nihesabie, Daktari."

"Mengi yameshahama, Mzee."

"Yametangulia malishoni. Mimi ndiye nimechelewa."

Raushan alicheka mpaka akafuta machozi. Alikuwa ameombwa aongeze mchuzi, akaongeza, na alikuwa na furaha ya kweli ya mtu wa mjini aliyepokelewa na watu wasiomjua. Zuurakan alikaa karibu na mlango, mahali pa vijana. Kutoka pale aliuona mlima wa ng'ambo, na jua likiteremka juu yake, mwamba kwa mwamba. Nyama ilikuja. Mzee Satyndy aligawa mifupa kwa utaratibu, mkubwa kwa mkubwa, na Kalygul akapewa paja ambalo hata kaka zake Satyndy hawakuwahi kupewa. Kalygul alilipokea kwa mikono miwili.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Jua."

Kalygul aliinua kidole kimoja bila kumtazama.

"Jua lipo kila siku, binti," Mzee Satyndy alisema kwa upole. "Nina miaka sabini na minne na sijaona lilipokosa. Kula."

Angeweza kusema. Aliwaza hivyo baadaye, mara nyingi: angeweza kusimama pale mlangoni na kusema ukoko ni vidole viwili, asiende mtu. Lakini binti hamkatizi baba yake mbele ya nyama ya mtu mwingine, na zaidi ya hapo, aliogopa kuiharibu ile furaha. Alikula. Nyama ilikuwa nzuri.

Walitoka saa mbili kasorobo. Zuurakan alimvuta baba yake nyuma ya hema.

"Ahirisha. Nakuomba. Ukoko ni mwembamba kama ganda la mkate, na chini ni laini tupu. Ondokeni kesho."

"Korongo la juu linatazama kaskazini," Kalygul alisema huku akifunga mikanda ya mzigo. "Jua halilifikii mpaka mchana. Tutatembea haraka."

"Haliligusi, lakini usiku halikuganda, Baba. Nimepima."

"Dada yake anangoja upande wa pili na hakuna simu. Tusipotokea atadhani tumekufa."

"Atangoja siku moja."

Kalygul alikaza mkanda wa mwisho. Kisha akasema jambo lililokuwa la kweli, kwa sauti ambayo hata Raushan asingeisikia. "Nikilala leo, Satyndy atajua ni kwa sababu ya nyama yake. Mzee ameamka saa nane ya usiku kwa ajili yangu. Atalala vipi?" Akamgusa binti yake shavuni kwa mkono unaonuka mafuta ya kondoo. "Nikifika pale nitatazama. Pakiwa pabaya nitarudi. Mimi si mtoto."

Wakaenda. Mzee Satyndy aliwapungia mkono mpaka walipopotea nyuma ya mawe.

Zuurakan hakwenda kwenye ubao wake siku hiyo. Alichukua darubini, akapanda kilima kilicho nyuma ya mahema, akakaa. Saa zilipita. Kijito kilichokuwa kimya asubuhi kilianza kunguruma kwa maji ya theluji. Saa sita hivi aliwapata: nukta mbili kwenye ukingo wa korongo la juu, karibu na miamba myeusi. Nukta moja ilibaki kwenye miamba. Ya pili ilisogea kwenye weupe, ikasimama, ikachoma chini kwa fimbo, ikasogea tena. Alijua ni baba yake, anapima kwanza ili amwite mgeni. "Rudi," Zuurakan alisema pale kilimani, kwa sauti ya kawaida, kama wanazungumza mezani. "Umeshatazama. Sasa rudi."

Nukta ilifika katikati.

Mstari mwembamba ulitokea juu yake. Ulikuwa kama ufa kwenye bakuli. Kisha mteremko wote chini ya mstari ule ulianza kwenda, bila haraka, kama kitambaa cha meza kinachovutwa, na nukta ikaenda nao. Hakukuwa na sauti yoyote. Sauti ilifika baadaye, ndefu na nzito, wakati ambapo hapakuwa tena na kitu cha kutazama ila moshi mweupe.

Ermek naye alikuwa ameisikia. Alimfikia Zuurakan njiani akiwa juu ya farasi, akampandisha nyuma yake bila kusimama vizuri. Walimkuta Raushan kwenye vifusi vya mawe chini ya korongo, anateremka akianguka na kuinuka, glavu moja imepotea.

"Yuko hai," alisema kabla hawajamuuliza. "Yuko hai, nimeongea naye. Mguu umevunjika. Yuko kwenye mawe, ng'ambo ya theluji. Kasema asije mtu. Kanilazimisha niape. Kasema asije mtu mpaka igande."

Walimwona walipofika ukingoni. Poromoko lilikuwa limembeba na kumtupa kwenye kisiwa cha mawe katikati ya korongo, hatua kama mia tatu kutoka walipokuwa. Alikuwa ameegemea jiwe, nusu amekaa, amelowa kote, bila kofia. Kati yao na yeye kulikuwa na theluji laini iliyolala kwenye mteremko, na juu ya theluji hiyo, nusu ya pili ya mteremko bado ilining'inia, imepasuka, haijaanguka.

Zuurakan aliingia. Hakuamua, miguu ndiyo iliingia. Hatua ya tatu alizama mpaka kiunoni, na kutoka juu vipande vidogo vya theluji vikaanza kubiringika, vikikua kadiri vinavyoshuka, vikapita karibu yake.

"Toka," Kalygul aliita kutoka ng'ambo. Sauti yake ilikuwa na nguvu bado. "Ermek, mtoe mtoto huyo."

Ermek alimshika kola ya koti akamvuta kama mtu anayevuta mwanakondoo matopeni. Alipomfikisha kwenye mawe hakumwachia. Hakutania pia.

Mzee Satyndy alifika mwisho, juu ya farasi mzee, amechukua kamba, blanketi na chupa ya chai. Alitazama kisiwa kile. Alishuka, akasimama ukingoni, mikono ikining'inia.

"Kalygul," aliita. "Unanisikia?"

"Nakusikia. Punguza sauti, Mzee. Theluji nayo inakusikia."

Mzee alifunika mdomo wake kwa kiganja.

Ermek alirudi mbio kwenye tuta ambako simu hushika mtandao, mwendo wa saa nzima. Aliporejea ilikuwa saa kumi jioni, na kabla hajashuka walishaujua ujumbe wake, kwa kuwa wingu lilikuwa limefika. Lilikuwa limeingia kutoka magharibi, chini na zito, likakaa juu ya Kokbel. Watu wa helikopta walisema hawawezi kuruka ndani ya wingu. Walisema kesho, likifunguka. Vijana wa kijijini walikuwa wanapanda na machela, wangefika alfajiri.

"Basi tunangoja igande," Ermek alisema.

"Haitaganda wingu likibaki," Zuurakan alisema. Alikuwa ametoa kipimajoto. Digrii nne juu ya sifuri. "Itakuwa kama jana usiku. Vidole viwili."

Raushan alikaa karibu yake. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Lakini yeye amelowa," alisema taratibu. "Wingu likiondoka, baridi itashuka mpaka wapi?"

"Nane chini ya sifuri. Kumi."

Hesabu ilikuwa imekamilika na kila mmoja alikuwa ameielewa. Wingu lingemwacha Kalygul hai na theluji ingekataa kubeba mtu. Anga wazi ingeigandisha theluji, na ingemgandisha na yeye. Walichokuwa wanakiomba kije kumwokoa ndicho kile kile kilichoweza kumuua, na hawakuwa na uwezo wa kukileta wala kukizuia.

Mzee Satyndy alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, viganja vimefunguka mbele ya uso, lakini midomo haikusogea. Baada ya muda alimgeukia Zuurakan. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimwombe Mungu nini?" aliuliza. "Niambie wewe uliyesoma. Nimwombe mawingu au nyota?"

Zuurakan alitafuta jibu kwa bidii, kama alivyokuwa akitafuta majibu darasani, akiamini kwamba lipo mahali na kwamba mtu akiwa mwaminifu atalipata. Alifikiria unyevu, mwinuko, mwelekeo wa mteremko.

"Sijui, Mzee," alisema.

Mzee alikubali kwa kichwa, akageukia tena viganja vyake. Alibaki hivyo.

Walijaribu kumrushia blanketi lililofungwa jiwe. Lilianguka hatua kumi na kitu tu, likabaki pale, jekundu juu ya weupe. Ermek alijaribu kuzunguka kwa juu, akarudi baada ya nusu saa, akasema juu huko ufa unaingia mkono mzima. Hawakuwa na kitu kingine cha kujaribu. Zuurakan na baba yake wakapatana: kila akipiga mluzi, Kalygul atainua mkono. Alipiga mluzi, mkono uliinuka. Alihesabu mpaka mia tatu, akapiga tena, mkono uliinuka.

"Umekula?" Kalygul aliuliza wakati fulani.

"Nimekula, Baba." Hakuwa amekula.

"Satyndy yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie nyama yake ndiyo inanipa joto mpaka sasa. Mwambie hivyo hivyo."

Zuurakan aligeuka kumwambia, lakini Mzee Satyndy alikuwa amesikia. Alikuwa ameinama, paji la uso juu ya jiwe, mabega yanacheza. Zuurakan alitaka kumchukia. Alikuwa ameitafuta chuki hiyo tangu saa sita mchana, maana ingekuwa kitu cha kushika. Hakuipata. Alichokiona ni mzee aliyeamka saa nane ya usiku ili jirani yake asafiri ameshiba. Alikwenda, akamfunika kwa koti lake.

Giza lilipoingia mkono haukuonekana tena, wakaanza kutumia mawe. Yeye aligonga jiwe juu ya jiwe upande huu, na upande wa pili jibu lilikuja, gonga mbili. Kisha moja. Kisha ikabidi agonge mara mbili ndipo jibu moja lije. Raushan alimwambia aendelee tu, asimwache asinzie. Viganja vyake vilichubuka, akaendelea.

Wingu liliondoka muda mfupi baada ya usiku wa manane. Liliondoka upesi, kama mtu aliyekumbuka shughuli kwingine, na nyota zikajaa. Zuurakan alihisi mashavu yanaanza kuuma, akasikia mlio mdogo sana ukingoni kwa theluji, kama wa sukari inayokauka kwenye sufuria. Ilikuwa inaganda. Aligonga jiwe. Alingoja. Aligonga tena. Kutoka ng'ambo hakukuja kitu, na kijito nacho kilikuwa kimenyamaza, kwa hiyo alijua kwamba hakuna sauti inayoificha nyingine.

Saa tisa ukoko ulibeba kiganja. Alitaka kwenda, Ermek akamzuia. Saa tisa na nusu ulibeba magoti. Vijana wa kijijini walifika na machela wakakaa nyuma yao, wanahema. Saa kumi, kukianza kupambazuka, Ermek alipiga kisigino kwa nguvu zake zote na kisigino kikadunda. Alipiga tena. Akaitikia kwa kichwa.

Walivuka kwa dakika kumi.

Hilo ndilo Zuurakan asingeweza kulieleza baadaye kwa mtu yeyote. Saa kumi na tano walikaa wakilitazama eneo lile, na sasa walilipita kama watu wanaovuka uwanja wa shule, viatu vikilia vizuri, blanketi jekundu limegandia pembeni, gumu kama bati. Hakuzama hata mara moja. Theluji ilikuwa nzuri sana. Angeandika hivyo kwenye ubao: nzuri sana.

Kalygul alikuwa ameegemea jiwe lile lile, jiwe dogo la kugongea bado liko kwenye ngumi. Kope zake zilikuwa nyeupe. Zuurakan aliweka shavu lake karibu na mdomo wa baba yake na hakuhisi kitu, na hakuhisi kitu, kisha akahisi pumzi, fupi, yenye harufu ya kondoo.

"Anapumua," alisema.

Raushan alikuwa tayari amepiga magoti, anapasua suruali iliyoganda kwa kisu cha Ermek. Walimvua koti, wakamvalisha nguo kavu, wakamfunga kwa sufi. Zuurakan alivua viatu vya baba yake. Miguu ilikuwa ya rangi ya nta, yote miwili, mpaka juu ya vifundo. Alifungua nguo yake tumboni, akaikumbatia miguu ile kwenye ngozi, na ubaridi wake ulimpenya mpaka mgongoni. Alikaa hivyo. Aliisubiri ilainike, hata kidogo, hata kidole kimoja.

"Zuurakan," Raushan alisema. "Usiipashe moto hapa."

"Inakufa."

"Najua. Ukiipasha sasa kisha ikaganda tena njiani, ataikosa yote. Ibaki hivyo hivyo mpaka hospitali. Nakuomba."

Zuurakan alijua hilo pia. Alikuwa amelisoma. Aliendelea kuishika.

Ermek alikuwa anatazama juu. Kwenye kilele cha mashariki, ncha ya mwamba ilikuwa imegeuka ya manjano. "Tuna saa tatu," alisema. "Pungufu ya tatu. Kisha hapa hapapitiki tena."

Kalygul alifumbua macho. Yalizunguka bila kumwona mtu, yakapita juu ya binti yake, juu ya machela, juu ya anga.

"Imeganda?" aliuliza, kwa ulimi mzito.

"Imeganda, Baba."

Zuurakan aliitoa miguu tumboni kwake. Aliivalisha soksi kavu, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, kama anavyovalishwa mtoto aliyelala, akaifunga kwa sufi, baridi kama ilivyokuwa. Kisha akashika mpini wa nyuma wa machela, vijana wakashika mingine, na Mzee Satyndy, ambaye hakuna aliyemwomba, akatangulia mbele yao peke yake, akipiga theluji kwa kisigino kila hatua ili wajue pa kukanyaga.